Inaendelea Ukurasa wa Kumi na Moja

Mwezi wa tano tulichapa nakala mia tatu.
Kapya alizihesabu mara mbili,
kama mtu anayehesabu mbuzi wa mahari
na anajua hawatoshi.
Mia mbili na sitini zilirudi,
kwa baiskeli ileile iliyozipeleka,
zimefungwa kwa mpira uleule,
vumbi jekundu la Katuba juu yake
kama mhuri.

Zamani (nasema zamani, ni miaka kumi na miwili tu)
watu walitungoja mlangoni Kamalondo
wino haujakauka.
Waliutaka ukurasa wa maneno:
wimbo mzima, ubeti kwa ubeti,
maana redioni mwimbaji alimeza nusu
na tarumbeta ikameza iliyobaki.
Ugomvi wa baa tuliuamua sisi.
"Nyuzi Sita imeandika hivyo."
Basi. Aliyeshindwa alilipa bia.

Leo bei ya gazeti ni bei ya mega za siku tatu.
Nani anunue picha ya gitaa lililonyamaza
na gitaa lenyewe linalia kiganjani?
Silaumu.
Mwanangu Yowani alinionyesha simu:
"Baba, tazama, maneno yanajipitia yenyewe."
Nikatazama. "Wamekosea. Si *moto* hapo, ni *mtoto*."
Akacheka, bila ubaya:
"Sasa nani atajua?"
Nikakaa na swali hilo
mpaka umeme ukakatika, nikaendelea kukaa nalo.

Tulijaribu, jamani.
Tulitia wacheza mpira jaladani.
Tulitia maana ya ndoto, dawa ya chunusi,
na bahati nasibu ya redio moja
ambayo Kapya aliiuza kabla ya kura
tukalipe karatasi.
Matoleo ya nyuma aliyauza kwa kilo.
Hakuniambia, nami sikumuuliza
ile sukari ya ofisini ilitoka wapi.

Jumamosi nikaenda soko la Kenya
kutafuta vinkubala.
Mama muuzaji, Masengo, wamemzoea pale,
alikuwa na rundo miguuni. Letu.
Toleo la mwezi wa tatu.
Alichana karatasi, akaikunja pembe,
akachota viwavi wakavu kwa kopo,
kisha mkono ukasimama hewani.
Midomo yake ilikuwa inatembea.
Alikuwa anasoma.

Mteja nyuma yangu akaguna.
Mama hakuinua macho mpaka mwisho wa safu.
Halafu jirani yake wa chumvi akanitaja kazi yangu,
akanigeukia:

"Weye njo wa gazeti?
Ule Chinyama wa gitaa,
treni ilimuacha Sakania na kidole imevunjika.
Mumeandika: inaendelea ukurasa wa kumi na moja.
Kumi na moja niliuzisha nayo karanga,
kwa mwalimu moja mwenye miwani.
Sasa, alipiga tena, ao hakupiga?"

Nimepokea barua za matusi,
za wadai, za wasichana waliotaka namba za wapiga ngoma.
Hilo, hakuna aliyewahi kuniuliza.
Nikafungua mdomo nimjibu,
nikakuta mdomo mtupu.
Habari ile niliiandika mimi.
Nakumbuka treni, nakumbuka kidole.
Mwisho wake umenitoka.
Na Chinyama tumemzika mwezi wa nane,
hana wa kumuuliza.

"Nitakuletea," nikasema.
Akanijazia kopo mpaka likamwagika,
akakataa franka zangu:
"Utalipa na ile karatasi."

Ofisini hakuna nakala hata moja ya mwezi wa tatu.
Kapya ameapa, kisha akatazama dirishani.
Mia mbili na sitini za mwezi wa tano zimelala sakafuni,
safi, hazijakunjwa, hazijui kitu.

Kwa hiyo Jumatatu nitaanza na shule za karibu na soko.
Nitabisha, nitaomba radhi kwa usumbufu.
Namtafuta msomaji wetu mmoja,
mwalimu, ana miwani,
mwezi wa tatu alikula karanga,
na Mungu akipenda,
hakutupa ganda.